Wa Mwisho Kubaki Engaruka

Tangu tuko wadogo baba alikuwa akituambia kwamba ule mji wa mawe wa Engaruka, ambao sasa ni magofu, ulijengwa na babu zetu Wairaqw. Mwaka jana nikampeleka akauone. Nilitegemea atafurahi.

Mama aliyetutembeza alituonyesha misingi ya nyumba na mifereji iliyoteremsha maji kutoka mlimani. Alisema wataalamu wa mambo ya kale wanadhani maji yalipungua, watu wakaondoka kidogo kidogo, na walikokwenda hakujulikani. Hapo nilikereka, maana kwa maneno ya baba, mjukuu wao, yaani baba mwenyewe, alikuwa amesimama mbele ya huyo mama kavaa koti la kanisani.

Baba hakubisha. Aliinama akaokota jiwe lililoanguka, akalirudisha ukutani kama anavyofanya shambani kwake Qurus. Yule mama akamwomba kwa upole asiguse kitu. Baba akalitoa, akalilaza pale pale alipolikuta.

Kisha akauliza, "Huyo wa mwisho kubaki hapa, mama, alizikwa na nani?"

Yule mama akasema hilo hawalijui.

Njiani kurudi niliongea mfululizo habari za mvua na bei ya vitunguu, baba akiitikia tu. Tulifika Qurus jua linazama. Majirani walishahama, na sisi watoto wake wote tunaishi mjini. Akashuka, akaniambia nisizime gari, akaenda kujifungulia mlango.