Hawakuzima Spika Shomari Akitolewa

Moyo wangu bado unakataa, jamani. Naita "Shomari!" nikingoja ile "Labeka mama" yake. Haitiki mtu.

Mwanangu Shomari, fundi redio, amefariki juzi hospitali kule Upanga. Jana tumemzika. Nimeazima simu ya mjukuu wangu Rehema, kwa hiyo nyie rafiki zake mnaosoma hapa, leo mnasoma maneno ya bibi yenu wa darasa la nne. Mtanivumilia.

Mtanivumilia na nikijisifu. Ukizaa mtoto kama yule huwezi kukaa kimya.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, Kariakoo hii ilikuwa nyumba za udongo, na redio ilikuwa kitu cha wenye maduka. Shomari hata ndevu hana, akasema atatengeneza ya kwake.

Akaenda karakana za reli Gerezani, akaomba waya wa shaba wa mota iliyoungua, akauzungusha kwenye kipande cha mwanzi. Akachukua wembe mkuukuu wa baba yake, akauchoma motoni mpaka ukawa bluu, akaugusisha ncha ya penseli. Akatia kisikilizio cha simu mbovu. Basi! Haina betri, haina umeme. Na ikasema!

Antena ilikuwa waya mrefu uliopita juu ya uwanja wetu, kutoka mwanzi hadi mwanzi, ukishikwa na shingo za chupa za soda. Waya mwingine ulishuka kwenye chuma alichokipigilia karibu na bafu, maana alitaka ardhi mbichi.

"Mama, maji ya vyombo uwe unamwaga hapa."

Nikamwaga, kila siku. Kwa hiyo asitokee mtu kuniambia mimi sikujenga ile redio.

Kisikilizio akakitia ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Sisi wanawake wa uani tukawa tunainamia bakuli kama tunaonja mchuzi.

"Mama Asha, toa kichwa!" nikamwambia jirani yangu. "Masikio yako yanamaliza sauti yote."

"Na wewe usinitambie, kwani redio umeizaa wewe?"

"Nimemzaa aliyeizaa!"

Akatoa kichwa.

Sasa sikilizeni. Zamani akifa mtu mtaani, redio zote zilizimwa. Hakuna aliyepita kutangaza, kila mtu alijua. Na redio ya Shomari haikuwa na swichi. Ile ilikuwa inasema tu, mchana kutwa, ndani ya bakuli lake. Basi msiba ukitokea, alipanda juu ya paa akaulaza chini mwanzi wa antena, bakuli likanyamaza, na antena ikalala hivyo mpaka hitima ipite.

Alikuwepo jirani yetu, Mzee Pazi, Mungu amrehemu. Huyo aliukata ule waya mara mbili kwa panga. "Utatuvutia radi, mwanaharamu wewe!" Shomari aliokota vipande analia, akaunga upya.

Siku Mzee Pazi alipokufa, namwona mwanangu anapanda paa.

"We Shomari, huyo si ndiye alikukatia waya?"

"Ndiye, mama. Lakini amekufa."

Akaulaza mwanzi. Na siku ile bakuli lilikuwa na taarabu, jamani, taarabu niliyoingoja wiki nzima.

Juzi walivyonipa habari ya Shomari, nililia. Halafu nikawaza kitu kimoja tu. Sisi wanawake hatuendi makaburini, tunabaki. Nikasema, nitakaa mlangoni nisikie wanaume wakimtoa na Lailaha illallah yao, niifuate kwa sikio mpaka ikatike. Zamani ilikuwa inasikika hadi wanakata kona ya pili.

Lakini nyumba yetu siku hizi imezungukwa na maghorofa na maduka, na kila duka lina spika mlangoni. Jana asubuhi nikashika fimbo yangu, nikatoka. Duka la kwanza la nguo, kijana ana heshima zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Naomba adhuhuri mzime spika kidogo, tunamtoa mwanangu."

"Dah, pole sana bibi. Alikuwa mdogo?"

"Ana miaka sabini na kitu."

Akacheka, kisha akaona aibu. "Tutapunguza, bibi."

"Sijasema mpunguze."

"Bosi atanimaliza, bibi. Labda jirani akizima, na mimi nazima."

Nikaenda kwa jirani. Naye akasema yule akianza, yeye anafuata. Nikaenda wa tatu, hivyo hivyo. Wote wamenipa pole. Mmoja kanipa kiti na maji. Hakuna aliyezima.

Jeneza likatoka. Nipo mlangoni, Rehema kanishika mkono. Naona midomo ya wanaume inacheza. Sauti ninayoisikia ni "Njoo uchague! Mzigo mpya! Njoo mama, njoo dada!" Walipofika pale kwa yule kijana mwenye heshima, alisimama, akavua kofia. Spika yake inaendelea.

Wakakata kona ya kwanza. Sikusikia hata neno moja.

Watu wananiambia, bibi usiwe na kinyongo, ndiyo biashara, ndiyo mji. Sina kinyongo. Nilitaka tu kumsikia mwanangu akiondoka, na sitapata tena. Mtu hatolewi nyumbani mara mbili.

Shomari, baba, mimi nilikuombea. Nilikwenda mlango kwa mlango na miguu hii unayoijua. Wamenishinda.

Lala, mwanangu. Angalau huko ulipo nadhani ni kimya. Huku nilipokaa ninaandika, hawajazima bado.