Alama Nilizozisugua Muyinga

Mwanangu, kabla hujaifungua hiyo chupa ya mafuta ya taa, keti kwanza. Umetaka kuisafisha mashine yangu na kuandika habari zake. Ni jambo jema, lakini ninakumbuka siku moja kule Muyinga, na ingekuwa hiari yangu ningekuwa nimeisahau zamani.

Mashine hii ya kukereza vyuma, kabla haijafika hapa kwangu Musinzira, ilikuwa ya Mzee Hamisi, fundi aliyenifundisha kazi. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu, imelika huku na huku, lakini mikononi mwake shafti za vinu vya kusagia zilitoka zimenyooka kabisa. Macho yake yalikuwa yanafifia. Mimi nilikuwa Gitega; akaniita Muyinga, akanipa daftari jipya.

"We andika kila kitu iko kwa hii mashine," aliniambia. "Andika kwanza, alafu usafishe."

Basi mimi na ujuaji wangu! Idi ilikuwa imekaribia, na kwetu Idi haiingii ikiwa hata sufuria moja haijasuguliwa. Tena niliona vibaya kulichafua daftari kwa mikono ya grisi. Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, nikashika brashi ya waya na msasa. Nilisugua kutu, nikasugua masizi, nikasugua na mikwaruzo iliyojaa kwenye magurudumu ya mkono. Mimi niliona uchafu tu. Mashine ikang'aa, nami nikasimama kando nikingoja sifa.

Mzee alirudi, akaweka vidole kwenye gurudumu kama kawaida yake. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Alama zangu iko wapi?"

Mikwaruzo ile aliichora mwenyewe kwa miaka yote: hapa chuma kimelika, ongeza kidogo, pale rudisha nyuma. Macho yalipomwacha, aliisoma kwa vidole. Hiyo ndiyo aliyotaka niiandike.

"Sasa mi niko kipofu kabisa, mwanangu," alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Tulijaribu kuzirudisha alama. Kila shafti ilitoka nene upande mmoja. Baada ya wiki chache akaacha kuja karakanani. Alikaa barazani, mikono mapajani, hadi alipofariki. Wanawe wakanipa mashine, wakidhani wananifurahisha. Sijakereza nayo kitu kilichonyooka hata kimoja. Daftari bado ninalo, tupu, na majuto hayajapungua.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta kitu cha kale usikimbilie kukipendezesha. Kipige picha kikiwa na uchafu wake, andika kila mkwaruzo, na mwenye kukijua akiwa hai, muulize. Msasa uje mwisho.

Mungu akupe mikono yenye subira, na asikuonjeshe majuto yangu. Haya, leta simu yako. Anza kupiga picha hapa kwenye gurudumu, palipo laini.