Mpima Aliyekishuku Kifaa Chake

Wiki hii nimepata habari kwamba mpima mashamba mmoja wa Shanwe, hapa Mpanda mjini, amefariki baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Nilikwenda msibani, nikakaa nyuma, nikasikia watu wakisema alikuwa mwaminifu. Baadhi yao niliwahi kuwasikia wakisema mengine kabisa alipokuwa hai. Sifa za msibani huwa nazipokea kwa tahadhari, maana mwenyewe hayupo tena kuzipinga wala kuzithibitisha.

Nilimjua kwa sababu ya kisima cha shangazi yangu, huko Kasansa. Shangazi analima mahindi, na jirani yake ni mfugaji aliyehamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Kisima kiko karibu sana na mpaka, na kila mmoja alisema ni chake. Wakakubaliana mpima aitwe, kisha ipandwe minyaa, ile miti ya utomvu, kuwa alama. Mnyaa wa mpaka hupandwa na majirani wote wawili wakishika kijiti kimoja mbele ya watu, na ukishapandwa haung'olewi, hata mkigundua baadaye kwamba mlikosea. Mpima akaja na kifaa chake cha GPS, akazunguka kona kwa kona akichomeka vigingi. Kisima kikaangukia upande wa mfugaji. Shangazi akakaa chini kwenye matuta.

Ila mpima alikuwa na desturi ya kurudi kwenye kigingi cha kwanza kabla ya kuruhusu watu wapande. Aliporudi, kifaa kilimwambia hayupo pale, kikamweka katikati ya mahindi. Akakizima, akakiwasha, kikataja mahali pengine tena. "Leo hatupandi," akasema. "Jua limechafuka."

"Fundi, jua lipi?" mfugaji akauliza. "Hili linalotuchoma?"

"Hilo hilo. Likichafuka linarusha chembe ndogo sana zenye umeme. Sumaku ya dunia inazinasa, zinaizunguka dunia huko juu, hizi zikienda huku na zile kule, mpaka zinakuwa mkanda wa umeme. Siku za dhoruba mkanda ule unanenepa, sumaku ya dunia inalegea kidogo. Hewa ya juu nayo inavurugika, na mawimbi ya satelaiti ninayopimia yanafika yamepotoka. Wewe ng'ombe wakizunguka zizini wanasukumana, unaweza kuwahesabu?"

"Na huko juu mchungaji ni nani?" Watu wakacheka. "Sema tu mama huyu amekupikia kuku."

Shangazi naye hakufurahi. Alidhani mfugaji anapewa nafasi ya kumpelekea mpima mbuzi wa hongo gizani. "Nyie wanaume mnajuana," akasema. "Mkirudi nitaambiwa kisima kimehamia mbali huko Mishamo."

Mpima aling'oa vigingi vyake akaondoka. Aliporudi siku nyingine, kigingi cha kwanza na kifaa vilikubaliana, na kisima kikawa cha shangazi. Wakapanda minyaa. Lakini maneno ya kuku yalishatoka Kasansa, yakafika mjini. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na vijiji vikaacha kumwita. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiziba pancha za baiskeli. Mimi nilimwamini, ingawa hata imani hiyo naitilia shaka. Sijui ningeamini habari za jua kama kisima kingebaki ng'ambo ya mpaka.

Mfugaji naye alikuja msibani. Tulipotoka makaburini akanisogelea.

"Kijana, yule mtu hakuhongwa," akasema. "Angekuwa amekula changu, angetuacha tupande siku ile ile. Angekuwa amekula cha shangazi yako, shangazi angekipata kisima mara ya kwanza."

"Ulijua hivyo tangu lini, baba?"

"Tangu siku ile nikirudi nyumbani."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Mnyaa haung'olewi kwa kosa, ila kwa hongo ningeweza kubishana. Ningesema hakuhongwa, ningedai vipi mpaka upimwe upya?"

Hizo chembe zinazozunguka dunia sijawahi kuziona, na sitamlaumu asiyeziamini. Lakini mpima alipopata jibu ambalo watu walikuwa tayari kulipanda, alirudi nyuma akakishuku kwanza kifaa kilichokuwa kinamlisha. Sisi tulipewa tuhuma, tukaibeba kutoka Kasansa mpaka Mpanda, na hakuna aliyegeuka kumtazama aliyetutwika. Siku hizi nikiambiwa fulani kala rushwa, namuuliza anayeniambia: wewe utapata nini nikikuamini?