Fundi wa Mawe

Kwa miaka kumi na saba, hakuna suruali ya jinzi iliyotoka katika kiwanda cha Inderpal, pale Nechells, ughaibuni, kabla Albert hajaipapasa na kusema, "Hii imeiva." Kazi yao ilikuwa kuzichakaza suruali mpya, maana kuna watu wanaolipa zaidi kwa nguo iliyokwisha pauka. Albert alizifua pamoja na mawe mepesi ya volkano, ndugu wa yale aliyokulia juu yake kule Goma, na jicho lake ndilo lililoamua. Inderpal, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, alimwita "Fundi" mbele ya wageni. Jina hilo Albert alirudi nalo hadi nyumbani kwake Newtown.

Kisha akaja Mireille, mama mmoja kutoka Bukavu. Albert mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kumbe jioni mwenzake alikuwa anasoma chuoni, na mwaka wa pili akamweleza bosi habari za kimeng'enya kinachotokana na kuvu. Ukikitia katika maji ya uvuguvugu, kinakula manyoya ya juu ya pamba na rangi inaachia yenyewe, bila jiwe hata moja. Wafanyakazi wakakiita dawa. Mawe yakatupwa nyuma ya uzio, na kila jambo likawa "muulizeni Mireille".

Albert aliona wivu, tusifichane. Aliionea wivu kalamu ya Mireille, na vikaratasi vyake vya kupimia maji, na zaidi ya vyote kikombe cha chai ambacho Inderpal alimmiminia kwa mkono wake mwenyewe. Chai! Miaka kumi na saba Albert alikuwa akijimiminia.

Ijumaa moja ya Julai yenye joto kali, Mireille aliondoka mapema kumpeleka mwanawe kliniki ya macho. Alibandika karatasi kwenye mashine: "Papa Albert, mashine ikisimama, tia maji ya moto sana na magadi, dakika kumi. Usipoiua, dawa itaendelea kukula nguo."

Albert akaibandua, akaikunja, akaitia mfukoni. Yeye afundishwe kufua na mwanafunzi wake mwenyewe? Maisha yake yote, mashine ikisimama mawe nayo yamesimama. Akazitoa suruali mia na ishirini, akazirundika mbichi kwenye toroli, akaenda zake.

Jumatatu Inderpal aliinua moja kwa kiuno, akabaki na kiuno mkononi. Nyingine ikapasuka pajani kwa kuguswa na kidole tu. Albert akaingiwa na hofu, na Mungu amsamehe, akaingiwa na furaha pia. Dawa ya Mireille imeumbuka.

"Nani amefanya hii kazi?" Inderpal akafoka.

Mireille akamtangulia Albert kujibu. "Ni mimi, patron. Nilisahau kumwonyesha Papa Albert namna ya kuiua dawa. Kosa ni yangu."

Hasira zikamshuka Inderpal. "Sawa. Hata fundi hukosea. Hiyo order tutafanya upya."

Fundi! Mtu mwingine angeshukuru kwamba ameokoka. Albert alihisi kifua kinamwaka. Jina lake lilikuwa limepewa mtu mwingine, tena kwa kosa alilolifanya yeye mwenyewe kwa mikono yake. Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mezani.

"Alinionyesha," akasema. "Mimi ndiye niliyeziharibu."

Wenzake wakanong'ona kwamba Papa Albert ni muungwana kweli, na Mireille akamshika mkono, machozi yakimlenga. Albert peke yake alijua kwamba uungwana haukuwamo. Alishindwa tu kumwachia Mireille hata msamaha ule.

Inderpal aliisoma karatasi mara mbili, kisha akainua macho.

"Fundi," akaita.

Albert akaitika upesi.

"Si wewe," Inderpal akasema kwa upole. "Mireille, hebu mwonyeshe Albert tena."