Nilivyoziba Kidirisha cha Bi Mize: Project Yangu ya Diploma Kwenye Duka la Kofia, Mkunazini Miaka ya Hamsini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Vijana, shikamoo zenu nshazipokea hata kabla hamjaziandika.

Nimeona uzi wa juzi mnabishana kama interior design ni kazi ya kusomea au ni kupanga makochi tu. Nimecheka sana. Mimi diploma ya kazi hiyo niliipata miaka ya hamsini, wengi wenu hata baba zenu hawajazaliwa. Nimepanga ndani ya hoteli, benki na nyumba za mabalozi, Nairobi, Mombasa na hata Uingereza, kisha nikarudi kwetu Unguja nikajenga Mpendae kwa jasho langu. Sijivuni, nataja tu.

Leo nawapa kisa cha project yangu ya mwisho chuoni. Chumvi sitii. Nilichosahau nitakiacha.

Mimi ni mtoto wa Jang'ombe. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hamali bandarini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilijisomesha kwa kuandika mabango ya maduka, herufi za Kiarabu na za Kizungu, mpaka nikapata nafasi kwenye chuo kimoja cha ufundi Nairobi. Kutoka Unguja nilikuwa peke yangu darasani.

Mwaka wa mwisho tukapewa kazi. Kila mtu arudi kwao, achague duka dogo, alipime, achore ramani, alipange upya, apige picha. Halafu mwenye duka aandike barua kwamba sasa linafanya kazi vizuri kuliko mwanzo.

Bila barua, hakuna diploma.

Nikachagua duka la kofia la Mzee Shaame, Mkunazini. Mzee huyu nilimpenda. Ndiye aliyenipa bango langu la kwanza, wakati hata brashi sijui kuishika. Na kofia zake zilikuwa na sifa kisiwa kizima: kofia za viua, vile vitundu vya nakshi vya kushonwa kwa mkono. Mtu alitoka Makunduchi kuja kununua ya kuolea.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chembamba kama ushoroba. Mzee anakaa juu ya jukwaa la mbao, kofia zimerundikana kila upande. Nyuma yake kuna ukuta, na katika ukuta kidirisha cha ukubwa wa sinia, kimefunikwa kitambaa. Mlango wa kupita kwenda nyumbani haukuwepo. Ukitaka kwenda ndani utoke nje, uzunguke uchochoro.

Nikamuuliza kidirisha kile cha nini.

"Cha ndani hicho," akasema, akageuza mazungumzo.

Nilipima asubuhi tatu mfululizo, kidirisha sikukiona kikifunguliwa. Kwenye ramani nikaandika: dirisha lisilotumika. Alasiri sikwenda hata siku moja. Alasiri nilikuwa natembea Forodhani na suruali yangu ya Nairobi ili nionwe. Ndiyo, nakiri.

Kazi ilimalizika mwezi wa Mlisho, siku chache kabla ya Ramadhani. Jukwaa nililiondoa, nikaweka meza ndefu. Nyuma nikajenga kabati la ukuta mzima, sakafu mpaka dari, vyumba vidogo vidogo, kila kofia na nyumba yake. Rangi ya maziwa, taa ya umeme juu.

Nawaambieni hata leo, lilikuwa zuri.

Wazee wa barazani nje wakaanza.

"Shaame, siku hizi unauza dawa?"

"Mwacheni, labda kofia zinaumwa."

Mzee akacheka nao. Mimi nikasema moyoni, wivu huo.

Mteja wa kwanza alikuwa mtu wa Nungwi. Mzee Shaame akamtazama kichwa, akachukua kofia, akageuka nyuma kwa mazoea, akanyoosha mkono. Mkono ukagonga kabati.

"Ngoja nikaangalie ndani," akasema.

Akatoka mlangoni na kofia mkononi, akazunguka uchochoro.

Mteja akaniangalia mimi. "Huyu mzee kaenda wapi?"

Mzee alirudi anahema, hana jipya. Yule mtu akaondoka na kichwa chake kitupu.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Na ya tatu. Wachache walionunua walibahatisha wenyewe, na mpya haikuingia; Ramadhani ilipofika katikati, kabati langu lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Kila anayekuja anaambiwa "kesho, inshallah," na wateja wakaanza kukimbilia maduka ya Darajani. Sikukuu ndiyo hiyo inakuja, na duka la kofia mwaka wake wote ni Sikukuu. Na mimi likizo inakwisha, barua sina.

"Mzee, mbona huagizi mali?" nikamuuliza.

"Mali ipo, mwanangu."

Akageuka kupangusa vyumba vitupu vya kabati. Mtu wa maskhara yule, sasa hata utani wa barazani haujibu.

Ndipo alasiri moja kabati likagongwa kutoka nyuma. Ngo, ngo, ngo.

"We mwana wa Bakari hamali!"

Niliruka. "Naam!"

"Upo?"

"Nipo. Shikamoo, Bi Mize."

Huyo ni mke wa Mzee Shaame. Sauti yake nilikuwa naijua. Uso wake sikuwahi kuuona.

"Marahaba. Umesoma mpaka Nairobi, siyo?"

"Ndiyo, Bi."

"Huko Nairobi hawafundishi kubisha hodi?"

Mzee Shaame akainama, akajifanya anafuta meza.

Bi Mize akanieleza yote, mimi nimesimama naongea na mbao. Kila alasiri wanawake wanaoshona kofia majumbani, wa Mjini na wa mitaa ya Ng'ambo, walikuwa wakija mlango wake wa nyuma na buibui zao. Hawawezi kupita mbele ya baraza la wanaume kuuza kazi ya mikono yao, na wengine hata waume zao hawajui kama wanashona. Yeye ndiye anayezikagua, kiua kwa kiua, na kuzipanga. Wateja wa kofia nao ni wa alasiri; akija mmoja, Mzee anamnong'onezea mkewe kidirishani kichwa kilivyo, yeye anachagua kofia na kutaja bei. Mzee alijua kuuza. Aliyejua kofia ni mkewe.

"Tangu ulipogongomea kabati lako sijatoa hata moja," akasema. "Huwezi kunizibia ukuta wangu bila kuniuliza. Zimejaa kitandani, na mume wangu analala mkekani."

Nikamgeukia Mzee. "Kweli?"

"Mkeka si mbaya," akasema.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akatazama kwanza nje, kule barazani. Kisha akasema polepole, "Miaka thelathini watu wananiita bingwa wa kofia. Ningekwambiaje?"



"Ungemwambia hivyo hivyo," akasema Bi Mize, na sauti imelegea.

Wakuu, niwe mkweli. Siku ile ile ningemwomba Mzee barua, angenipa. Alinipenda, na aibu ilikuwa imemkaba. Ningepanda zangu meli na picha zangu nzuri, nyuma huku duka lingekufa taratibu. Nilisimama pale nikilitazama lile kabati. Nililijenga kwa wiki tatu.

Nikachukua msumeno.

Nilipofika kwenye mbao za nyuma, zilizoziba kidirisha, nikasikia kiti kinavutwa upande wa pili. Fundi mkuu amekaa.

"Shusha," akasema. "Shusha tena. Mimi twiga?"

"Hapo, Bi?"

"Hapo. Sasa panua, sinia lipite. Na wewe msomi, nifanyie jambo moja. Huyu mume wangu kila kichwa kwake ni cha wastani. Nataka nikione mwenyewe, na mimi nisionekane."

Hilo chuoni hatukufundishwa. Nilikwenda nyumbani nikiliwaza, asubuhi nikarudi na kioo kidogo. Nikakifunga pembeni juu ya kidirisha, kimelala upande. Chumba chake kina giza, dukani kuna taa. Yeye aliyekaa ndani anamwona mteja, mteja anaona kivuli tu. Nikasimama mbele ya meza kukijaribu.

"Nakuona," akasema. "Kichwa kikubwa hicho. Sishangai."

Kabla ya magharibi, masinia ya kofia yalianza kupita. Nilipokea mwenyewe, moja baada ya moja, mpaka mapengo yote yakaisha.

Kesho yake alikuja mteja, na baraza nje limejaa. Mzee Shaame hakunong'ona. Alipaza sauti mbele ya wote:

"Mize, mtazame huyu!"

Kofia ikatoka, mtu akavaa, ikamkaa kama kazaliwa nayo.

Mzee mmoja wa barazani akauliza, "Kumbe bingwa yuko ndani?"

"Yuko ndani tangu zamani," akajibu Mzee Shaame. "Nyinyi ndio mlikuwa nje."

Sikukuu ile duka liliuza mpaka kofia zilizokuwa bado kwenye vibao vya kukaushia. Nilipiga picha upya, nikachora ramani upya. Mzee alitia saini barua, akaipitisha kidirishani. Ikarudi na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu: "Duka lafaa, kabati limekatwa kwa amri yangu," na jina la Bi Mize chini.

Mwalimu wangu Nairobi akauliza huyu wa pili ni nani. Nikamwambia ndiye mwenye duka.

Nilipasi, wa pili darasani. Wa kwanza alipanga duka la baba yake mwenyewe, kwa hiyo simhesabu.

Somo nililolipata ni hili. Kabla sijakunjua futi, nauliza: nani anafanya kazi hapa ambaye sijaonyeshwa? Niliuliza hivyo hata kwa balozi, akababaika, akamwita mpishi. Jiko la nyumba ile nililipanga na mpishi.

Haya, uwanja wenu, mnaotaka kupinga pingeni. Na kama yumo humu ambaye bibi yake alikuwa akipeleka kofia kwa Bi Mize alasiri, naomba aniandikie. Nataka kujua wiki zile walikuwa wakinisema nini nyuma ya kabati.