Shimo la Tano

Hii ninayowapa hamtaiamini, na sitamlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na bado huwa najiuliza.

Mtoto wa dada yangu huchora ardhi ya chini. Si ramani, ni ardhi yenyewe, tabaka juu ya tabaka, ikizunguka ndani ya kompyuta mpaka unaiona mgongo. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini siri yake niliing'amua: mlima mzima, mashimo matano tu ya kupimia mwamba! Kati ya shimo na shimo anakisia. Kwa hiyo shimo moja likidanganya, mlima wote umedanganya.

Tulimbandika jina Mashaka. Tangu utotoni, ukimpa chai anachungulia kwanza chini ya kikombe.

Siku hiyo nilikuwa zamu, mlinzi wa stoo ya mawe yaliyotolewa mashimoni, na mlinzi kama mimi hajazaliwa. Injinia alitaka mchoro utiwe sahihi kabla ya saa sita mchana, ili Jumatatu watu thelathini waingie chini ya mlima kuchimba handaki la maji.

"Shimo la tano silipendi," Mashaka aliniambia. "Mwamba mgumu mpaka chini, pacha wa shimo la nne."

"Si ndugu hao? Waache wafanane."

"Mjomba, ufunguo wa stoo alikuwa nao nani mwingine?"

Akanitazama kwa jicho lile la chini ya kikombe. Mimi! Damu yake! Nikaapa kwa sauti kubwa, kisha nikakumbuka. Kiberiti, fundi wa kuchoronga, yule anayetoboa mashimo kwa mashine, aliniomba ufunguo "dakika mbili tu" wiki ile mashine yake ilipokwama kwenye tope. Nikamwambia. Sauti ilinitoka nyembamba kama uzi.

Tukafungua masanduku. Vipande vya mwamba vimelazwa kwa mistari, mviringo kama mchi. Mashaka akatoa kimoja sanduku la nne, kingine la tano, akavikutanisha penye mvunjiko. Vikashikana kama sahani iliyopasuka, hata mstari mweupe ndani ya jiwe ukapita moja kwa moja. Na mashimo yenyewe yameachana mita mia mbili!

Kiberiti akaitwa.

"Mawe hufanana, dada."

"Kufanana sawa. Na kuvunjika pamoja je?"

Akakiri. Kumbe alimega mawe ya shimo la nne akajazia sanduku la shimo la tano, ambalo hakulimaliza. Njia ya mwongo ni fupi, jamani.

Mashaka hakutia sahihi. Shimo likachorongwa upya mbele ya macho yangu. Kwenye mita ya kumi na nane mwamba ukaisha, ukaja udongo laini kama uji, maji yakaruka juu, yakapita paa la ghorofa, Injinia akapeperuka, nikamdaka kwa mkono mmoja, na huu mwingine nikauzibia shimo, halafu nika...

"Mjomba, hebu futa hapo. Maji yalifika magotini, na wewe ulikuwa umeshapanda juu ya lori."