Spika Nzito ya Mama

Mtaa wa maduka ya redio hapa Busia, upande wetu wa Uganda, siupiti tena bila kukunja uso. Kila duka limepanga spika zake nje juu ya kreti za soda, kila moja linapiga wimbo wake, na kila muuzaji anaongeza sauti ili ammeze jirani. Mtu wa bodaboda akikuuliza unakwenda wapi, humsikii. Muuza ndizi anakutajia bei kwa vidole. Na katikati ya kelele hiyo ndipo watu wazima, wenye akili zao, wanasimama kuchagua spika. Wanasema wanalinganisha. Ukiwauliza wanalinganisha nini, watakuonyesha taa.

Sisi watu wa mpakani tuna namna yetu ya kupima vitu: tunanyanyua. Kuku ananyanyuliwa, kabichi inanyanyuliwa, hata mtoto wa mwenzio unamnyanyua kwanza ndipo useme huyu anakula vizuri. Mizani za hapa zimetudanganya mno, tukaamua kuamini mkono. Basi na spika tunainyanyua. Ikiwa nyepesi tunairudisha chini kwa dharau. Ikituvuta bega tunatikisa kichwa na kusema hii ndiyo yenyewe.

Nina hasira na jambo hili, na sioni sababu ya kuificha. Spika moja ya namna hiyo ilimnyima mama yangu mazishi aliyokuwa akiyasubiri.

Mama anaishi Kiyeyi, kwenye shamba aliloachiwa na baba. Zamani, kabla miguu haijamgomea, aliuza karanga hapa Busia pamoja na mwanamke mmoja wa Mulanda. Walivuka mpaka pamoja, magunia kichwani, wakakimbizwa pamoja na watu wa forodha, wakalala chini ya turubai moja mvua ilipowakatia njia. Wote wawili walifiwa na waume. Waliahidiana kwamba atakayebaki atakwenda kumtupia mwenzake udongo kwa mkono wake. Kwetu maneno hayo si ya kupitisha muda. Mtu asiyefika mazikoni anaulizwa, na asipokuwa na jibu, habari yake inabaki midomoni mwa watu miaka na miaka.

Rafiki yake akaugua, ugonjwa ule wa kulala na kutoinuka. Mama alikwenda kumwona mara moja, na safari ya pili magoti yakakataa. Simu ya nyumba ile ilikuwa ya mjukuu, na mjukuu alihamia nayo Kampala. Kwa hiyo ilibaki redio. Kila adhuhuri, na tena jioni, redio ya kwetu inasoma matangazo ya vifo: nani ametutoka, binti wa nani, wa ukoo gani, atazikwa wapi na saa ngapi. Kisha yanafuata majina ya wale ambao habari ziwafikie popote walipo. Mama hakuwa akiyakosa. Lakini masikio yake yalikuwa yamechoka, na kile kiredio chake cha betri alikuwa akikibana shavuni mpaka kinamwachia alama. Siku niliyomkuta hivyo alisema anataka kusikia siku ya mwenzake ikifika. Hakuomba kitu kingine.

Nilimweleza kaka yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kusafirisha mizigo ya watu kwa malori, na akasema tumnunulie spika ya maana, spika ya nyumbani, itakayotumia umeme wa jua ule wa paa la mama. Ni wazo zuri, nikamshukuru. Laiti ningemwacha aende na lori lake, nikaenda dukani peke yangu.

Tulianza upande wa Kenya. Muuzaji alikuwa kijana wa Kiswahili laini, akatuambia bila kuzunguka kwamba boksi la spika aliyotuonyesha ni la plastiki, na kwamba kwa bei ile tusitegemee makubwa. Kaka aliinyanyua, akaiweka chini, akanivuta pembeni. Alisema yule kijana anataka kutuuzia boksi tupu. Mkweli pekee tuliyekutana naye siku ile ndiye tuliyemtoroka.

Tukarudi upande wetu, tukaingia duka ambalo kelele zake zilitikisa mpaka mabati. Hapo kulikuwa na spika kubwa ya kifua kipana, taa za rangi zikizunguka mdomo wake, ina redio ndani, ina rimoti, ina tundu la flashi, ina mahali pa kuchomeka maiki. Kaka akawa anauliza na muuzaji anajibu. Inaweza kutumia jua? Inaweza. Inaweza kushika simu bila waya? Inaweza. Inaweza kusikika mpaka kwa jirani? Muuzaji alicheka, akasema hata jirani wa jirani. Neno lake lilikuwa hilo moja, inaweza, akilitoa kabla swali halijaisha.

"Shika mwenyewe," akamwambia kaka. "Iko nzito kwa sababu iko na sumaku mukubwa."

Kaka akainama, akainyanyua, mishipa ya shingo ikamtoka, uso ukajaa furaha. Kwenye rafu ya chini niliona kijispika cha boksi la mbao, koni moja tu ya kutolea sauti na redio ndogo ndani, hakina taa wala rimoti, bei yake haifiki hata nusu ya ile. Nikaomba tukisikilize hicho nacho, tena tuwekewe mtu anayeongea, si muziki, kwa sababu mama anataka maneno. Kaka alikichukua kwa vidole viwili kama anayeokota panya aliyekufa. Akasema hiki ni cha kuwekea chumvi, na mama yake si mtu wa kununuliwa vitu vya kitoto. Muuzaji akacheka naye. Mimi nikaonekana mwanamke bahili anayembania mama yake. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Ile spika kubwa ilipofika Kiyeyi ilipokewa kama bibi harusi. Watoto wa majirani walicheza uani mpaka vumbi likapanda juu ya paa. Wazee walikuja kuinyanyua, mmoja mmoja, wakaguna kwa heshima. Mama aliifunika kitambaa chake cha kufuma, akaiombea dua, akambariki kaka. Jioni matangazo yalipoanza nilikuwa nimekwisha kuondoka, kwa hiyo sikusikia alichokisikia. Nilikuja kukisikia baadaye. Ni mtu anayeongea ndani ya pipa. Ngurumo inaanza, ngurumo inaendelea, ngurumo inakwisha, halafu ngoma ya redio inapigwa vizuri kabisa.

Mama hakutuambia. Mtoto amekuletea zawadi nzito namna ile, umwambie haisemi? Alikaa mbele yake kila jioni akiwa amefunga macho, akitafuta maneno ndani ya ngurumo. Kile kiredio chake alikuwa amempa mtoto wa jirani, kwa kuwa mwenye spika kubwa hahitaji kiredio. Kaka alipompigia simu kuuliza spika inaendeleaje, alijibu kwamba inaimba.

Siku ilifika, na tangazo likasomwa, na mama alikuwa amekaa pale pale. Alisema baadaye kwamba alihisi kitu kimetaja Mulanda, lakini Mulanda ni kubwa na watu wake wanakufa kama watu wa kwingine. Alikwenda kulala. Habari zilimfikia kwenye soko la pale pale kijijini baada ya siku mbili, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akirudi na sufuria alizoazimisha msibani.

Alinipigia simu. Nilifunga banda langu la kushonea nikampeleka Mulanda kwa bodaboda. Tulikuta udongo umeanza kukauka juu, majani ya mgomba yaliyokatwa kwa kivuli yamekwisha kunyauka, na viti vya kukodi vinapakiwa. Binti wa marehemu alitupokea vizuri, akatuwekea mkeka. Hakuonyesha chuki yoyote. Afadhali angeonyesha.

"Tulitangaza, mama," alimwambia. "Jina yako ndiyo ilisomwa ya kwanza. Tulichelewesha kidogo, tukasema pengine uko njiani."

Mama akatazama mikono yake. Alikuwa na jibu, lakini jibu gani hilo? Kwamba alikuwa ndani, amekaa mbele ya spika iliyowashwa, na taa zikizunguka? Alichota udongo pembeni ya kaburi akauweka juu, akaupapasa kama mtu anayesawazisha unga. Watu wazima walisimama wakichelewesha kuziba shimo kwa sababu yake, na yeye alikuwa mwendo wa saa moja tu akisikiliza ngurumo. Hasira iliyonipanda pale msibani nilishindwa kuimeza hata kwa chai waliyotupa.

Sikumpigia kaka. Tulirudi kulala Kiyeyi, na asubuhi nikaifunga spika nyuma ya bodaboda kwa mpira, nikampandisha mama bodaboda ya pili, tukaenda Busia moja kwa moja. Kijana wa bodaboda alinung'unika njia nzima kwamba nimembebesha jiwe. Hakujua alivyokaribia ukweli.

Muuzaji alinikumbuka. Alionyesha karatasi ukutani inayosema kitu kikiuzwa hakirudi. Nikamwambia sikuja kurudisha, nimekuja aifungue mbele yangu anionyeshe hiyo sumaku kubwa. Alikataa. Nikakaa juu ya spika, mlangoni, wateja wakawa wanaruka miguu yangu. Nina mdomo mimi, na siku ile niliutumia wote. Mwishowe akaleta bisibisi.

Sumaku ilikuwepo, ndogo kama kifuniko cha chupa ya mafuta. Chini yake, kwenye sakafu ya boksi, palikuwa na bamba limemiminwa na kukauka vizuri, la kijivu. Nilizaliwa Tororo, mji wa kiwanda cha saruji. Saruji nimeipumua tangu utotoni, huwezi kunidanganya kwamba ni kitu kingine.

Nilitegemea aone haya. Hakuona. Alisema yeye hakuitengeneza, zinamfikia hivyo, na kisha akanitazama usoni.

"Nyinyi ndiyo munapenda kitu nzito," akasema. "Nikileta nyepesi munacheka. Kaka yako alicheka hapa hapa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga zaidi kwa kuwa lile la mwisho lilikuwa kweli, na wateja waliokuwa wamezunguka walijua ni kweli, kwa sababu mmoja wao alikuwa bado amekumbatia spika nyingine akiipimapima uzito. Sasa aliishusha polepole.

Hapo mama, ambaye alikuwa ameketi kwenye kreti, akasimama. Ameuza vitu mpakani maisha yake yote, anajua duka linavyoongozwa. Alimwambia muuzaji azime zote. Muuzaji akadhani anatania. Mama akangoja. Spika zikazimwa moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba duka lile lina feni.

Ilikuwa mchana, wakati wa matangazo ya adhuhuri. Mama akaomba redio ya duka iunganishwe kwanza na ile spika yetu, awekwe mtu anayeongea, na yeye akageuka akatazama ukuta. Kila alichokisikia alikirudia kwa sauti. Kutoka kwenye spika ya kaka alirudia maneno mawili, na moja halikuwa lenyewe. Wakahamisha waya kwenye spika ya pili, ndefu, ya mbao inayong'aa, ya bei ambayo kaka hangeifikia. Hapo alipata jina la ukoo, akapoteza mahali. Ya tatu ilikuwa na taa nyingi kuliko zote, na mama alitikisa kichwa tu.

"Ile ya chumvi," nikasema.

Muuzaji alikitoa kile kijispika rafuni, akakipuliza vumbi, akakiunganisha. Msomaji alikuwa ameanza tangazo jingine, kwa Kidhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, la mzee wa Rubongi. Mama, mgongo kwetu, akawa anarudia. Jina la mzee, baba yake, ukoo wake, mkewe alizikwa lini, atazikwa kesho saa nane. Neno kwa neno, nyuma kidogo ya msomaji, bila kukosea. Kisha yakaja majina ya wale ambao habari ziwafikie, na mama akayarudia nayo: mtoto aliye Jinja, mpwa aliye upande wa Kenya, rafiki yake wa zamani, popote alipo.  Yule mteja aliyekuwa amekumbatia spika alivua kofia kwa ajili ya maiti asiyemjua.

Tangazo likaisha, ngoma ya redio ikapigwa, nyembamba, haitikisi chochote. Mama akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kununua na kuuza. Aliweka kiganja juu ya kile kiboksi.

"Kijana," akamwambia muuzaji, "hii inaweza kurudisha tangazo ya siku ile?"

Muuzaji alifungua mdomo. Nililingoja lile neno lake, na nilikuwa tayari kumrukia akilisema. Hakulisema. Alichomoa waya, akausokota polepole kwenye vidole vyake, akakifunga kile kijispika ndani ya gazeti na kumkabidhi mama bila kutaja bei.